Huo Mwisho Una Uchungu Gani?

Kuna ugonjwa umeingia katika insha na midahalo yetu. Utamsikia mtu akinguruma jukwaani ati, "Tutapigana hadi mwisho mchungu!" Jamani, uchungu wa nini? Wa mwarobaini?

Msemo wenyewe ni wa Kiingereza, "to the bitter end", yaani hadi mwisho kabisa, hata mambo yawe magumu namna gani. Wengi husema asili yake ni baharini, ingawa jambo hilo halina uhakika. Katika merikebu za Waingereza mlikuwa na nguzo imara zilizoitwa "bitts", ambazo kamba ya nanga ilizungushiwa. Nahodha John Smith alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1627 kwamba sehemu ya kamba inayobaki ndani ya chombo ndiyo "bitters end". Kamba ikishuka yote hadi hapo, basi, hakuna nyingine ya kuongeza. Katika maelezo hayo, ladha ya ulimi haimo kabisa!

Hata sisi tunayo misemo ya baharini. Tunasema mashindano "yameng'oa nanga", yaani yameanza. Hebu mtu amtafsirie Mwingereza neno kwa neno: si atatafuta meli katikati ya uwanja wa mpira?

Kwa hivyo naonelea hivi: ukikutana na msemo wa kigeni, uliza maana yake kwanza, kisha utafute wa kwetu. "Kufa kupona" upo. "Liwe liwalo" upo. Kiswahili si maskini. Sisi ndio wavivu wa kutafuta.