Mlango wa Kutokea

Ni jambo la kufurahisha kuona kwamba siku hizi mwenye nyumba ndogo ya wageni huko Jambiani, ushirika wa wakulima wa mwani, na hata afisi ya Serikali, huweza kuwa na tovuti bila ya kumwajiri fundi wa kuandika programu. Vyombo vya kazi hiyo ni vingi. Mtu huchagua sura aipendayo, akapanga picha na maneno, na kabla ya jua kuchwa tovuti yake imekwisha kuonekana duniani kote. Neema hiyo hatuibezi.

Lakini wengi wetu huchagua chombo kwa kutazama wepesi wa kuingia tu, wala hawaulizi mlango wa kutokea uko wapi.

Vyombo hivi havilingani. Tovuti iliyojengwa kwa Wix haihamishiki ikaendeshwa katika mitambo ya kampuni nyingine. Bubble, ambayo hutumiwa kujengea programu za kupokea maombi na kuweka kumbukumbu, humruhusu mtu kuchukua taarifa zake, lakini programu yenyewe haitoki. Webflow humpa mteja anayelipa kurasa zake, ila fomu zilizomo hazifanyi kazi zikishatolewa. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni programu huria. Aliyeiweka katika mtambo aliokodi huweza kuhama na kila kilicho chake. Nayo ina gharama yake, kwani isipohudumiwa mara kwa mara hugeuka dirisha la wezi.

Wapo watakaosema kwamba kampuni kubwa haziondoki. Tunawakumbusha GeoCities, ambamo watu wengi duniani walijenga kurasa zao bure. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga kila mahali isipokuwa Japani. Miezi miwili baadaye sisi wa Unguja tulipata somo letu wenyewe. Njia ya umeme itokayo Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, tukakaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwenye jenereta alifanya kazi. Asiyekuwa nayo alingoja. Hapana mwananchi wa kisiwa hiki anayehitaji kufundishwa maana ya kutegemea njia moja.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kwa tangazo la nyumba ya wageni, chombo chochote chepesi kinatosha. Likipotea, litajengwa tena kwa siku chache. Lakini daftari la wagonjwa, maombi ya leseni na kumbukumbu za malipo ni amana ya wananchi, wala si mali ya afisa aliyepo leo. Kabla ya kutia saini, wakuu wanaohusika waulize mambo matatu. Je, anwani ya tovuti imeandikishwa kwa jina la afisi, au la kijana aliyeijenga? Je, taarifa zote zaweza kutolewa katika faili la kawaida linalosomeka na programu nyingine? Na ada ikipanda au kampuni ikifunga milango, kazi itaendelea wapi?

Majibu yaandikwe katika mkataba. Nakala ya taarifa ichukuliwe kila mwezi, ihifadhiwe kwa usalama hapa hapa Visiwani. Na kwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha fani ya kompyuta, vijana wetu wapewe kazi ya kuzitunza tovuti za umma, ili ujuzi ubaki nyumbani hata chombo kikibadilika.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya ni mzuri, na tuutandike. Lakini mbacha wetu tusiutupe, kwani siku mwenye msala atakapoukunja, hatutakuwa na pengine pa kukaa.