Haya si Hofu ya Watu



Baada ya kumshukuru Allah (S.W) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W), tunapenda kuzungumza na wazazi na wanafunzi wetu juu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu na tukalinyamazia kwa muda mrefu, nalo ni kuogopa watu.

Mwaka juzi, siku ya mahafali yetu, alisimamishwa kijana wa miaka 12 kusoma Suratul Mulk. Sura hiyo alikuwa ameihifadhi, na darasani aliisoma bila kukwama. Siku ile, mbele ya wazazi, masheikh na kipaza sauti, alisoma aya mbili akanyamaza. Mikono ikamtetemeka. Watoto wakacheka, na baadhi yetu tuliokaa mkeka wa mbele, tusifiche, tulitabasamu. Kijana hakuonekana madrasa mwezi mzima. Mama yake alituambia kwamba kila ifikapo saa tisa mchana tumbo humuuma. Sisi tukasema ni uvivu.

Tulikosea. Kijana huyo kwao ni upande wa milimani, na siku za Jumamosi hushuka Uluguru na mama yake kuuza ndizi. Mmoja wetu alimkuta karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu akiita wateja kwa sauti, akipatana bei na watu wazima asiowajua, akirudisha chenji na kuwatania juu yake. Ulimi alikuwa nao. Ila sokoni watu wanatazama ndizi, na siku ya mahafali watu wote walikuwa wanamtazama yeye, tena wakisubiri kama atakosea.

Wengi wetu huita hali hiyo haya, na tunamsifu mtoto kwa hiyo. Haya ni tawi la imani, hilo halina ubishi. Lakini haya humzuia mtu na baya. Kinachomzuia mtoto kuuliza somo asiloelewa, au kuitikia salamu ya mgeni, ni hofu. Bibi Aisha (R.A) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Walikuwa na haya, na waliuliza.

Tena tumtazame Nabii Musa (A.S) alipotumwa kwa Firauni. Hakujifanya shujaa. Someni Suratu Twaha na Suratush Shu'araa mtaona alivyomweleza Mola wake kuhusu kifua kubana na ulimi kutofunguka, akaomba wepesi, na akaomba ndugu yake Harun awe pamoja naye. Alikubaliwa alichoomba, ila safari ya kwa Firauni haikufutwa.

Wataalamu wa afya ya akili hawako mbali na hapo. Wanaeleza kuwa mtu anapohofia kutazamwa, mwili wake hujiandaa kama vile yuko hatarini: moyo hudunda, mdomo hukauka, mikono hutetemeka. Akikimbia hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwani mara nyingine atakimbia mapema zaidi. Njia ni kuisogelea kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Mara nyingi hali hii huanza utotoni au wakati wa kubalehe, yaani umri huu huu wa wanafunzi wetu. Na ikifikia mtoto haendi shule, hawezi kula mbele ya watu, na miezi inapita, tusikimbilie kusema ana jini na kumzungusha kwa waganga. Apelekwe hospitali, na dua ziendelee nyumbani.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mgeni akimuuliza mtoto jina, mama hujibu haraka, "Huyu mpole tu, hasemi." Mtoto anasikia, na keshapewa kazi ya kutosema. Nyumbani tunamwambia mwenye adabu haongei mbele ya wakubwa, halafu siku ya Maulidi tunataka asimame mbele ya mamia ya watu na asitetemeke!

Na ninyi wanafunzi mnaoigiza lafudhi ya wenzenu waliotoka Kinole na Matombo, tunajua mnasema ni utani. Utani ni wa pande mbili. Huyo hawezi kukujibu, kwa hiyo huo si utani.

Kwa upande wetu walimu, tumeamua hivi. Kila Jumatano baada ya Alasiri kila mwanafunzi atamsomea mwenzake mmoja tu. Akizoea atawasomea watano, kisha darasa zima. Hatapandishwa mtu kwenye kipaza sauti ambaye hajapitia huko, na atakayetaka kupanda na mwenzake ataruhusiwa. Akikwama, mwalimu atamkumbusha aya kwa sauti ya chini, kama tunavyomkumbusha imamu katika swala. Imamu akisahau, hatumcheki.

Yule kijana alirudi. Siku hizi anawafundisha alifu na be watoto wanne wadogo chini ya mwembe, na kule sauti inatoka vizuri. Kipaza sauti bado hakitaki. Mwaka huu ametuomba asome huku mdogo wake amesimama pembeni yake, nasi tumemkubalia.

Wabillahi tawfiq.