TUJIUNGE NA KIKUNDI CHA KUJIFUNZA TARATIBU ZA VIKAO

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Tangu kikundi cha kujifunza taratibu za vikao kilipoanza kukutana pale shule ya msingi, tumepokea ujumbe mwingi. Wapo wanaouliza kama wanaruhusiwa kujiunga. Wapo wanaotaka Tawi likataze, kwa kuwa ndani yake wamo watu wa vyama vingine. Msimamo wetu ni huu: *mwanachama anayeweza kwenda, aende.*

Mkumbuke Mkutano Mkuu wa Kijiji uliopita. Agenda zilizobandikwa zilikuwa nne, na eneo la malisho halikuwemo. Saa kumi na mbili jioni, akina mama wameshawahi nyumbani kupika na wazee wamechoka, jambo la malisho likaingizwa kwenye "mengineyo". Watu wetu walipiga kelele. Mmoja alipanda juu ya benchi, wengine wakatoka kwa hasira. Muhtasari ulipobandikwa, ukasema nini? "Wajumbe waliridhia." Kelele haziandikwi kwenye muhtasari, ndugu zangu. Na waliotoka kwa hasira bado wamo kwenye orodha ya mahudhurio, kana kwamba walikaa hadi mwisho na kuridhia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kupata kwanza kibali cha Mkutano Mkuu. Halmashauri ni wajumbe 15 hadi 25. Mkutano Mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, yaani sisi sote. Kinga tunayo. Lakini ushahidi kwamba mkutano ulikubali au ulikataa ni ile karatasi ya muhtasari, na anayeitamani ardhi yetu hana haja ya kutushinda kwa hoja. Karatasi ikisema tuliridhia, inamtosha.

Siku ile ilihitajika sauti moja tu: "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu. Jambo hili halimo kwenye agenda. Natoa hoja liahirishwe hadi mkutano ujao, na litangazwe vitongoji vyote." Mwingine anasema, "Naunga mkono." Hapo kiti kinalazimika kuuliza mkutano. Kura ziombwe kwa kunyoosha mikono na zihesabiwe, maana makofi hayana idadi. Ukishindwa, unasema, "Naomba iandikwe kwamba nimepinga." Hakuna hapo kinachohitaji digrii. Kinachohitajika ni kuwa umeshayatamka mara kadhaa mbele ya watu, ulimi usikwame siku yenyewe. Kazi ya kikundi ni hiyo: wanakaa, mmoja anakuwa mwenyekiti, mwingine katibu, wengine wanatoa hoja, kisha wanabadilishana viti.

Tunaosikiliza Bunge redioni tunakumbuka enzi za "sitini na nane saba", mpaka ikawa utani vijiweni. Ile ilikuwa namba ya kanuni ya kuomba mwongozo wa Spika. Maneno yale yana kazi tofauti. "Kuhusu utaratibu" ni kusema kanuni imevunjwa. "Mwongozo" ni kukiuliza kiti. "Taarifa" ni kumpa anayezungumza jambo asilolijua, naye anaweza kuipokea au kuikataa. Kwetu mtu husema "taarifa", kisha anahutubia dakika kumi!

Na asiwepo wa kuona aibu kuanza na ukubwa huu. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliitwa mwaka 1863 kuongoza mkutano wa kanisani na hakujua hata aanzie wapi. Akaenda kujifunza, na mwaka 1876 akatoa kitabu cha taratibu za mikutano ambacho vyama na vikundi vya kwao wanakitumia mpaka leo.

Kuhusu watu wa vyama vingine: ng'ombe wanaolisha eneo lile hawana kadi. Siku ya kusimama kutetea malisho tutahitaji mtu wa kuunga mkono hoja, na huenda aliyeketi karibu nawe ni wa chama kingine. Afadhali mwe mmeshajifunza pamoja. Sare na bendera ziachwe nyumbani, na darasani asipigiwe mtu kampeni. Tunajua pia kwamba mwanachama akishazijua kanuni atazitumia hata kwenye vikao vya Tawi, na akimsimamisha Mwenyekiti wetu kwa utaratibu, asikilizwe.

Muda upo, ila si mwingi. Muhtasari ule bado haujathibitishwa. Utaletwa mkutano ujao, na kabla ya kuthibitishwa tunayo haki ya kutaka usomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na kusahihishwa. Tunataka siku hiyo kila kitongoji kiwe na angalau wawili wanaojua wasimame wapi na waseme nini.

Darasa ni kila Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Hakuna kiingilio, njoo na daftari na kalamu. Mabalozi watoe majina mawili kila kitongoji, angalau moja la mwanamke, yamfikie Katibu wa Tawi kabla ya Ijumaa. Asiye na simu ya kupokea ujumbe huu, jirani amsomee.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*