Mtihani Upime Ujuzi, Maabara Ifunguliwe

Mfanyakazi aliyekesha na vitabu miaka mitano, akaielewa kemia sawasawa na kijana aliyeketi darasani, ana haki ya kuuliza swali hili: Je, chuo kikuu hutoa shahada kwa ajili ya ujuzi, au kwa ajili ya kukalia kiti? Sisi twajibu bila kusita kwamba shahada ni ya ujuzi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma katika vyuo vyake. Aliyefaulu alipata shahada, awe alifundishwa na profesa au alijifunza mwenyewe kwa taa ya nyumbani. Nasi tuliyaona matunda ya mitihani ya London: chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa kwanza wa sheria walisomea shahada ya London wakiwa hapa hapa nchini.

Wamarekani wameipanua njia hiyo. Kwao shahada ya kwanza huhesabiwa kwa krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, na kwa kawaida zatakiwa 120. Tangu mwaka 1967 upo mpango wa mitihani uitwao CLEP, ambao vyuo vingi humpa krediti aliyeufaulu bila ya kuhudhuria somo. Vilianzishwa hata vyuo hasa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi: kile cha New York kiitwacho leo Excelsior mwaka 1971, Thomas Edison cha New Jersey mwaka 1972, na Charter Oak cha Connecticut mwaka 1973.

Lakini anayetaka shahada ya sayansi hufika mahali akakuta ukuta. Mitihani ya CLEP ya biolojia na kemia ni ya masomo ya mwanzo. Shahada yadai pia masomo ya ngazi ya juu, ya mwaka wa tatu na wa nne, na mitihani ya kupatia krediti hizo ni michache, tena yapungua. Zamani baadhi ya vyuo viliihesabu mitihani ya GRE ya masomo maalumu. Wa biokemia ulikomeshwa mwaka 2016, wa biolojia mwaka 2021, na wa kemia mwaka 2023.

Ukuta huo una sababu, nasi hatuifichi. Sayansi ni kazi ya kichwa na ya mikono. Kalamu peke yake haithibitishi kwamba mtu ajua kupima asidi au kutumia hadubini. Lakini je, dawa ni kumfukuza mfanyakazi? La! Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971, kiliwapelekea wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio hata majumbani mwao.

Hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu imeweka mtihani wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni hatua njema. Lakini kazi yake ni kumruhusu mtu aombe nafasi chuoni. Akishaingia, huanza na wanaoanza. Fundi wa maabara aliyepima damu hospitalini miaka kumi na mitano hukalishwa afundishwe jina la chombo anachokishika kila siku.

Twasema basi: vyuo viweke mitihani miwili kwa masomo ya juu ya sayansi, mmoja wa maandishi na mmoja wa vitendo, na maabara zifunguliwe jioni na Jumamosi kwa ajili ya wenye kazi. Mtihani uwe mgumu kama ule wa wanafunzi wengine, usipunguzwe hata kidogo. Mfanyakazi haombi sadaka; aomba mizani iliyo sawa.

Nanyi mnaojisomea, kabla ya kutoa mshahara wenu kulipia mtihani wowote wa nchi yoyote, ulizeni chuo, mpate jibu la maandishi: mtaupokea? Ni krediti ngapi? Ni za ngazi ya juu au ya mwanzo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini akishainama, asikute mvungu umefungwa.