Lugha Mbili, Ziwa Moja

Mzazi wa mjini anapomtafutia mtoto wake shule, swali lake la kwanza siku hizi ni la lugha: Kiswahili au Kiingereza? Swali hilo lina uzito. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Wengi waliokuwa hodari hunyamaza darasani, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno. Ndiyo maana mzazi hujinyima ili alipe karo ya shule ya Kiingereza.

Lakini lipo swali la pili tunalolisahau: mtoto atajifunza nini kwa lugha hiyo? Akariripo majina ya matunda ya Ulaya, naye hatofautishi mtama na uwele, huo ni ukasuku, si elimu.

Tuutazame mji wa Singida. Kando yake lipo Ziwa Singidani, lisilo na mto wa kutoa maji yake. Maji hugeuka mvuke, chumvi ikabaki. Ndani yake huota miani midogo, na heroe huja kuila. Hilo ni somo kamili la sayansi. Watoto wakilieleza kwanza kwa Kiswahili, kisha wakaliandika kwa Kiingereza, lugha ngeni huegemea kitu walichokiona kwa macho yao. Mtoto wa mgeni aliyekuja nchini kikazi ataanza na Kiingereza, amalizie na Kiswahili. Na mwenzake wa Kinyaturu atawafundisha wote jina la ndege huyo kwa lugha ya bibi yake.

Wazo hili si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya jamii, na shamba liwe mahali pa kujifunzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule ya jamii ya namna hiyo ilijaribiwa Kwamsisi, mkoani Tanga. Kasoro iliyojitokeza katika shule nyingi ni kuligeuza shamba kuwa kibarua au adhabu: watoto walilima bila kuelezwa jinsi mbegu inavyoota.

Basi, wazazi wenzangu, katika mkutano wa shule tusiulize lugha peke yake. Tuulize pia: watoto hutoka nje na daftari mara ngapi, na wakirudi huandika nini? Samaki mkunje angali mbichi.