Afya ya Nyumba Zetu: Asiyehisi Maumivu Huenda Si Mzima



Tumeletewa barua na mzee mmoja wa Tunduma, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Asema binti yake, mwenye umri wa miaka 20, alikwenda kwa tabibu kwa sababu ya kikohozi. Tabibu alipomsikiliza kifuani akasikia mvumo usio wa kawaida, akampeleka Mbeya kupimwa moyo. Huko akaambiwa kwamba mlango mmoja wa moyo wake umekuwa mwembamba. Na binti mwenyewe haumwi, wala hana homa, na kila siku huenda sokoni kuuza. Posa imekwisha pokewa, na ndoa inatarajiwa kufungwa Mfungo Mosi.

Basi nyumba imegawanyika. Bibi na shangazi zake wasema kuwa asiyeumwa si mgonjwa, na habari hii isifike kwa wakwe. Wajomba wasema posa irudishwe, kwani ati mwenye moyo mbovu hana maisha. Mzee atuuliza: ni nani mwenye haki?

Jawabu letu ni kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zote zimehukumu kabla ya kuipima hatari.

Kwanza yafaa tuelewe jambo lenyewe. Moyo una milango minne, nayo hufunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mlango unaobanwa mara nyingi kwa vijana wa nchi zetu ni ule wa upande wa kushoto, unaopitisha damu itokayo mapafuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wa mlango huo ni kiasi cha sentimita za mraba 4 mpaka 6. Ukipungua hata kufika 1.5 au chini yake, matabibu huhesabu kuwa umebanwa sana.

Je, yawezekanaje mtu awe na mlango kama huo asihisi kitu? Wenyeji wa Tunduma wana mfano wake mbele ya macho yao. Siku ambayo malori yaendayo Zambia ni machache, lango la mpakani likiwa jembamba hakuna dereva atakayelalamika, kwani kila lori litapita kwa zamu yake. Lakini malori yakiwa mengi, foleni hurudi nyuma barabarani. Ndivyo ulivyo moyo. Mtu akitulia, damu ni ya kiasi nayo hupita. Akikimbia, akishikwa na homa kali, au akichukua mimba, damu huja kwa wingi na kwa haraka, lango halitoshi, na foleni hurudi mapafuni. Hapo ndipo pumzi inapokatika. Lango lilikuwa jembamba tangu zamani, ila wingi wa malori ndio uliolifichua.

Chanzo chake, mara nyingi, ni maradhi ya koo utotoni. Mtoto hupata mafindofindo, hayatibiwi sawasawa, kisha hufuata homa ya rumatiki iumizayo viungo na kuugusa moyo. Viungo hupona na watu wakasahau. Milango ya moyo hubaki na kovu, na kovu hilo huendelea kukaza kwa miaka mingi bila kelele.

Sasa tuitazame hatari yenyewe jinsi inavyopimwa. Tabibu mwangalifu huuliza mambo manne.

La kwanza: je, kweli hahisi kitu? Wengi hupunguza mwendo wao kidogo kidogo bila kujua. Aliyekuwa akibeba ndoo mbili sasa hubeba moja, na aliyepanda kilima bila kusimama sasa husimama akisingizia kuzungumza na jirani. Kwa hiyo mgonjwa asiulizwe peke yake. Mama na ndugu zake nao waulizwe. Na pengine atatembezwa au kupandishwa ngazi mbele ya tabibu, ili ionekane kama pumzi yake inatosha.

La pili: mlango ni mwembamba kiasi gani? Hili halijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kipimo cha eko, ambacho huonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, bila kisu wala maumivu. Huonyesha upana wa mlango, ukubwa wa chumba kilicho nyuma yake, na nguvu ya damu katika mishipa ya mapafu. Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni hakutosheka na nafaka kavu iliyokuwa juu ya rundo, alitia mkono ndani akakuta unyevu. Nasi tusitosheke na ukavu wa juu.

La tatu: je, mapigo ya moyo yaenda kwa mpango? Yakivurugika, damu yaweza kuganda ndani ya moyo, na bonge lake likiingia kichwani huleta kiharusi, hata kwa kijana. Mwenye hali hiyo huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

La nne: ni mzigo gani ulio njiani? Hapa ndipo penye uzito kwa binti wa mzee wetu. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo hupiga kwa haraka zaidi. Wako wanawake wengi ambao ugonjwa huu haukujulikana mpaka walipokuwa na mimba kubwa au kitanda cha uzazi, na wengine hawakuinuka. Kwa hiyo wakati bora wa kupima ni kabla ya mimba.

Na mlango ukionekana umebanwa sana, dawa ipo. Mara nyingi waweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa katika mshipa wa paja, pasipo kupasua kifua. Ukiwa umeharibika zaidi, hufanywa upasuaji. Kazi hizi zafanywa hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ni kweli kwamba kutoka Tunduma ni safari ya zaidi ya kilomita 900, nayo ina gharama. Lakini si kila mgonjwa huambiwa asafiri. Mwenye mlango uliobanwa kidogo tu huenda akaambiwa arudi kupimwa baada ya miaka kadhaa, na aliyebanwa sana atazamwe kila mwaka au mapema zaidi.

Wale wajomba waliokwisha kata tamaa tungependa wasikie habari ya jirani zetu wa Uganda. Huko Gulu, vijana 818 wa umri wa miaka 5 mpaka 17, ambao eko ilionyesha mwanzo wa ugonjwa huu ingawa wao hawakuhisi kitu, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, na jingine halikuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu. Katika wasiochomwa, kwa watoto 33. Tutazame pande zote mbili za habari hii. Sindano ilikinga, na hata wasiochomwa wengi wao hawakuzidiwa. Basi ugonjwa uliogunduliwa mapema si hukumu ya kifo.

Wazee nao wasijione wamesalimika. Kwao hubanwa zaidi mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni, ukawa mgumu kama uliopakwa chokaa. Mzee akianza kuishiwa pumzi, kubanwa kifua au kuzimia anapojitahidi, asiambiwe ni uzee. Apelekwe hospitali upesi.

Turudi kwa binti. Rai yetu kwa mzee ni hii. Ampeleke tena kwa tabibu wa moyo kabla ya harusi, waulize upana wa mlango kwa hesabu, hali ya mapigo, haja ya sindano, na kama mimba ni salama sasa au ingojee matibabu. Kwa kuwa atafunga Ramadhani, aulize na hilo pia. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, wala si uchaji kuikataa rehema yake. Kisha, kwa ridhaa ya binti mwenyewe, mchumba aelezwe ukweli wote na mapema. Ndoa ni amana. Mume asiyejua hatakuwa na sababu ya kuharakisha hospitali siku pumzi itakapokatika usiku. Na kijana atakayeambiwa kweli akabaki, huyo ndiye wa kumpa binti.

Wasemao kwamba kwenda kupimwa ni upungufu wa tawakali wakumbuke yule bedui aliyefundishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Na kila mzazi asomaye safu hii, Tunduma, Vwawa na kwingineko, mtoto wako akiumwa koo pamoja na homa, mpeleke kituo cha afya, na dawa atakayopewa aimalize hata kama koo limepoa siku ya tatu. Kwa dozi moja iliyomalizwa huenda umemkinga na safari ya Dar es Salaam miaka 15 ijayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie binti huyu afya, na harusi yake iwe ya heri. Amin.