Kufungua boksi si kupoteza haki yako

Ukitembelea nyumba nyingi za Waswahili hapa Uingereza, hasa wakati watu wanapojiandaa kwenda likizo nyumbani, hukosi kukuta chini ya kitanda maboksi ya simu, kompyuta na tableti yaliyonunuliwa kwenye mtandao. Yamefungwa vile vile yalivyoletwa na mtu wa posta. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini hajafungua, atakujibu kwamba akifungua tu, duka halitakubali tena kuirudisha. Wengine wataongeza kwamba wanataka ndugu zao wakafungue wenyewe, wasije wakadhani wameletewa mtumba.

Sisi tunaona kwamba imani hii inatugharimu fedha nyingi, tena fedha za jasho. Kila mtu anajua pesa ya kubeba boksi inavyopatikana katika nchi hii. Ndiyo maana tumeona ni vyema leo tulizungumzie suala hili kinagaubaga.

Mwenzetu mmoja alinunua kompyuta ya mkononi mwezi Agosti kwa ajili ya mpwa wake aliyekuwa anaanza chuo Morogoro. Akaiweka kabatini hadi Desemba alipopata likizo. Ilipofunguliwa huko nyumbani mbele ya familia nzima, kioo kilikuwa na mistari toka juu mpaka chini. Alipopiga simu kwa muuzaji akaambiwa mambo mawili: boksi limeshafunguliwa, na siku zimepita. Akakata simu, akasema basi, na kompyuta ikabaki kuwa pambo mezani.

Je, aliambiwa kweli? Nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomnyima haki yake.

Tuanze na hilo la boksi. Zipo kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013, ambazo zilianza kutumika hapa Uingereza Juni 13, 2014. Kanuni hizo zinasema kwamba ukinunua kitu kwa muuzaji wa biashara kupitia mtandao au simu, una siku 14 baada ya siku uliyokipokea za kubadili mawazo. Huhitaji kutoa sababu yoyote. Ukishamjulisha muuzaji ndani ya siku hizo, unazo siku nyingine 14 za kumrudishia mali yake. Naye, akishaipokea au ukimwonyesha uthibitisho kwamba umeituma, anatakiwa akulipe ndani ya siku 14, pamoja na ile gharama ya kawaida uliyolipa kuletewa.

Kuhusu kufungua, sheria imetumia akili ya kawaida kabisa. Ukienda dukani unaishika simu, unaiwasha, unatazama kioo, unajaribu kamera. Aliyenunua kwenye mtandao hakupata nafasi hiyo, kwa hiyo anaruhusiwa kufanya nyumbani kwake yale ambayo angefanya dukani. Kufungua boksi na kuwasha kifaa ili uone kinavyofanya kazi hakuondoi haki yako ya kurudisha. Ukizidisha hapo, ukaitumia simu wiki nzima na kuirudisha ina mikwaruzo, muuzaji anaweza kukukata fedha kulingana na thamani iliyopungua. Kukata sehemu ya fedha ni jambo moja, na kukukatalia kabisa kwa kuwa boksi limefunguliwa ni jambo jingine.

Hata hivyo tusidanganyane, yako mambo ambayo hayamo. Diski ya programu, muziki au filamu iliyofungwa kwa lakiri, ukishaibandua basi haki ya kubadili mawazo imekwisha. Vilevile vitu vilivyofungwa kwa sababu za usafi wa mwili, na kitu kilichotengenezwa kwa maelezo yako mwenyewe. Kama umebadili mawazo tu, gharama ya posta ya kurudisha inaweza kuwa juu yako, iwapo muuzaji alikueleza hivyo tangu mwanzo. Na ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza simu yake ya zamani, siku 14 hizi hazikuhusu.

Hayo yote ni kwa kitu kizima. Kitu kibovu kina sheria yake, nayo ni Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, iliyoanza Oktoba 1 mwaka huo. Hapa ndipo mwenzetu alipopotezewa haki. Kitu kikiwa na kasoro unazo siku 30 za kukikataa na kudai fedha zako zote. Zikishapita hizo, haki haijafa. Muuzaji ana nafasi moja ya kukitengeneza au kukubadilishia, na akishindwa unaweza kudai fedha zako au kupunguziwa bei. Zaidi ya hapo, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Kutoka Agosti hadi Desemba ni miezi minne. Mwenzetu alikuwa bado na haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na suala la boksi kufunguliwa halikuwa na uzito wowote, maana kasoro haionekani mpaka boksi lifunguliwe!

Lakini haki hiyo ilikuwa Uingereza na kompyuta ilikuwa Morogoro. Kuirudisha kunataka nauli ya mzigo au msafiri wa kumbebesha, na kama tatizo lingekuwa ni betri ya lithiamu iliyoharibika, hiyo kwenye ndege hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo tunaposema funga safari na boksi lililofungwa ni hasara, hatuzungumzii karatasi za sheria tu. Siku 14 na siku 30 huhesabiwa kitu kinapofika mlangoni kwako hapa. Hazisubiri kontena lifike Dar es Salaam, Mombasa wala Zanzibar.

Ushauri wetu basi ni huu. Siku mzigo unapofika, fungua taratibu bila kuchana boksi, weka kila kipande mahali pake, washa, jaribu kioo, sauti, kamera na chaja. Kama una haja ya kuirudisha, futa taarifa zako zote na utoe akaunti yako kwenye kifaa, maana simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haina faida kwa duka. Andika barua pepe badala ya kupiga simu peke yake, na utunze risiti ya posta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni namna ya kulipa. Kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, ukikilipia kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Duka likifilisika au likikaidi, unakwenda kwa wenye kadi. Na kwa asiyejua pa kuanzia, shirika la Citizens Advice hutoa ushauri bure.

Hatuwatetei wale wanaonunua televisheni kubwa Ijumaa kwa ajili ya fainali na kuirudisha Jumatatu. Hao wanawaumiza wafanyabiashara wadogo, wakiwemo ndugu zetu wenye maduka, na ndio wanaofanya kila anayerudisha kitu atazamwe kama mwizi. Mfanyabiashara naye ana haki ya kupata mali yake ikiwa salama. Tunachopinga ni ile tabia ya baadhi ya wauzaji kuandika kwa herufi kubwa kwamba kilichofunguliwa hakirudishwi, wakijua fika kwamba mgeni asiyeijua lugha vizuri atasoma na kunyamaza. Tangazo la muuzaji haliwezi kufuta sheria ya nchi.

Na kunyamaza ndiko kunakotuponza. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na tumekuja na mazoea hayo mpaka huku. Tunaogopa kuonekana wakorofi, au tunahisi Kiingereza chetu hakitoshi. Barua ya mistari mitatu inatosha: nilinunua kitu hiki siku fulani, kina kasoro hii, nataka fedha zangu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kuna boksi chini ya kitanda chako, lifungue leo kabla hujalala. Na huyo mpwa wako kule nyumbani mwambie ukweli kwamba umeifungua ili uhakikishe ni nzima. Atakushukuru zaidi kwa kompyuta inayowaka kuliko kwa boksi lenye gundi mpya.